Nyuma ya Amplifaya ya Baba Mkwe

Jina la baba mkwe wangu sijawahi kulitamka. Miaka ishirini na mitatu nimeishi katika ukoo wake, na mdomo wangu umekuwa ukilizunguka jina hilo kama mtu anavyozunguka shimo njiani. Kwao, milimani Ileje, mke wa mwana hamtaji baba mkwe kwa jina, hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja, na akikutana naye njiani huacha njia akaingia majanini. Kuandika hawakukataza. Walioweka mwiko huo hawakufikiri kwamba mwanamke ambaye hakuvuka darasa la pili atakuja kushika kalamu ukubwani. Basi naandika: anaitwa Asajile Kibona.

Hapa Chapwa, Tunduma, watu wanamwita Mzee wa Spika. Wanajua kwamba Jumapili, watu wakitoka kanisani, nyumba yetu inaimba. Hawajui mengine, na ndiyo maana nimeona niyaseme.

Alikuwa seremala wa mabenchi ya kanisa. Ukienda huko Ileje ukakalia benchi lisilolia hata ukijigeuza, yawezekana ni lake. Mwaka mmoja kahawa ilipokubali alinunua amplifaya kutoka upande wa Zambia, ile ya zamani yenye mdomo wa kaseti, ikavuka mpaka imeviringishwa blanketi kama mtoto mchanga. Spika alizitengeneza mwenyewe kwa mbao za mninga, ndefu kufika kiunoni mwa mtu mzima, na kila pembe ameipiga randa hadi ukiigusa unadhani ni shavu. Nazifuta vumbi yeye akiwa ametoka kuota jua, kwa hiyo najua.

Uso wake nilikuwa naujua kwa picha ya kitambulisho tu. Nilichokijua vizuri ni miguu yake na mikono yake. Kidole gumba cha kushoto hakina ukucha, patasi iliuchukua. Mtu anaweza kumjua mwenzake sana kwa viganja.

Mume wangu anaitwa Jonasi, na ni mwanawe. Mambo yake nitayasema mara moja, nisije nikayatia katika kila mstari. Mama yake, Anna, aliumwa miezi minane. Nilikuwa namgeuza, namlisha uji, nafua mashuka yake kila asubuhi. Katika miezi hiyo minane Jonasi aliuza shamba letu la Ndalambo. Shamba hilo tulilinunua kwa chumvi niliyokuwa nabeba kutoka Ivuna, gunia juu ya lori na mimi juu ya gunia, mgongo ukiwa umechunika. Tulipomaliza kumzika Anna, Jonasi alivuka mpaka kwenda Nakonde kwa mwanamke mwingine, akaenda na fedha, redio ndogo na koti langu la baridi. Hilo koti sijui alilitakia nini.

Watu walingoja niondoke. Wengine walingoja mzee arudi Ileje kwa ndugu zake, maana mzee hukaa kwa mwanawe, na mwana alikuwa hayupo. Wazee wa ukoo walikuja kumchukua. Nilikuwa jikoni nikasikia anawajibu, kwa sauti ile yake ya chini, kama mtu anayepima ubao:

"Aliyeondoka nyumbani kwake ni Jonasi. Mama Gloria hajaondoka. Na mimi niko kwake."

Mama Gloria ni mimi, kwa jina la mwanetu. Hakuniambia pole, wala hakumsema mwanawe mbele yangu. Alisema hayo tu kwa wazee, akaomba chai.

Chumba cha nyuma alichokaa na marehemu kilikuwa kinavuja, basi akahamia chumba cha pembeni katika nyumba kubwa. Kina mlango wa nje, na mlango mwingine unaotazama korido ya jikoni. Soketi hakina, soketi iko kwenye korido. Kwa hiyo amplifaya iliwekwa juu ya stuli palepale mlangoni, uso wake chumbani kwa mzee, mgongo wake kwenye korido yangu, na pazia la kitenge likashushwa juu yake. Yeye akawa wa mbele, mwenye vitufe na taa, mimi nikawa wa nyuma, mwenye waya na vumbi.

Radi za Tunduma anaziogopa, kwa hiyo haachi kitu kimechomekwa. Akigonga stuli mara moja, nachomeka. Akigonga mara mbili, nachomoa. Kuzungumza tunaruhusiwa, ilimradi pazia liko katikati. Na mgongo wa amplifaya ukawa kama dirisha la duka letu sisi wawili. Asubuhi nakuta hapo kipande cha tangawizi, kwa sababu alinisikia nakohoa. Siku nyingine shati na sindano, kwa sababu macho yake hayaoni tena tundu la sindano. Natunga uzi, nashona kifungo, narudisha. Kesho yake nakuta ndizi mbili zimepata joto la mashine.

"Mama Gloria, ndizi zimeiva kwa muziki," anasema.

"Nitazila kwa muziki, baba."

Basi maisha yalikuwa hivyo. Lakini mwaka jana aliteleza bafuni. Nilisimama nje ya bati nikimsikia anavyojikaza asilie, na sikuweza kuingia. Nilikimbia kumwita jirani yangu Rozi, naye alikuwa sokoni, nikamwita mwingine. Mpaka anainuliwa, maji yalikuwa yamekwisha kumpoa mwilini. Siku ile nililia kwa hasira. Nilimgeuza mkewe miezi minane, na yeye sikuweza kumpa hata mkono.

Jioni yake alisema nyuma ya pazia, "Mtamba wa Ndalambo akishika mimba, tutafungua."

Kwao mwiko huu hufunguliwa kwa ng'ombe. Baba mkwe akimtaka mkwe wake awe binti yake, humpa ng'ombe mbele ya wazee, na tangu siku hiyo wanatazamana, anaweza kumshika, kumwuguza, kumpa mkono. Mzee alibakiwa na mtamba mmoja tu mwekundu, anatunzwa huko Ndalambo na mpwa wake Ambwene. Nilikaa juu ya kinu nikaukumbatia mwiko wa ugali.

Sasa niseme kuhusu kaseti.

Mwaka waliorekodi sijui, Jonasi alikuwa bado hajaota meno. Kwaya ya kanisa lao ilikuwa inafanya mazoezi kilimani, na mzee akaenda na redio ya kuazima akawarekodi. Anna ndiye aliyeanzisha wimbo. Kabla ya wimbo kuna sauti yake anasema maneno fulani, kisha watu wanacheka, kisha wanaimba. Kaseti hiyo ilikaa sandukuni miaka mingi. Mtu hasikilizi kaseti ya mke anayemsikia jikoni. Anna alipokufa ndipo alipoitoa, na hapo ndipo alipokuta maneno yale hayasikiki. Mashine ilikuwa imeanza kuvuma. Mmm, mmm, kama nyuki ndani ya mzinga. Redio ikiimba kwa nguvu mvumo huo huusikii, lakini kaseti ile sauti yake ni ndogo, na ukiiongeza, mvumo nao unaongezeka. Wimbo ulipenya. Maneno yalizama.

"Nakumbuka nilisimama mbali," aliniambia. "Nakumbuka aliniambia kitu, wote wakanicheka. Kitu gani, sikumbuki. Miaka yote hiyo nilikuwa naye ningeweza kumwuliza."

Aliisikiliza kila Jumapili akiwa amebandika sikio kwenye kitambaa cha spika. Alifikiri kaseti inaomboleza. Alivyozidi kuirudia ndivyo utepe ulivyozidi kuchoka, na aliogopa siku moja utakatika kabla hajayasikia.

Mwezi wa tisa Jonasi alikuja. Alibisha hodi kama mgeni, na hilo nilimshukuru. Alikuwa amenenepa. Begani alikuwa na mfuko, ndani ya mfuko boksi jeusi, ndani ya boksi waya mnene kama mkia wa kenge, umevishwa neti ya bluu, plagi yake inang'aa.

Mimi nilikuwa kwenye korido namenya viazi. Wao walikuwa chumbani.

"Tata, huu si waya wa kuchezea," alisema Jonasi. "Shaba tupu, imesukwa kama nywele za bibi harusi. Meno ya plagi yana dhahabu."

"Dhahabu?"

"Yamepakwa."

"Na kazi yake nini?"

"Umeme wa hapa mchafu, Tata. Umepita kwenye mashine za kusaga, kwenye saluni, kwenye wachomeleaji. Waya huu unauchuja. Mvumo wote unabaki humu ndani, muziki unatoka mweupe. Kule Lusaka matajiri hawasikilizi bila huu. Nimeusikia mwenyewe kwa bwana mmoja, nikakukumbuka wewe na ile kaseti ya mama."

"Kwa hiyo unachuja kama chai."

"Kama chai, Tata."

Nilishindwa kunyamaza. "Umeme umetoka mabwawani huko mpaka Chapwa kwa waya wa nguzo," nikasema kutoka nyuma ya pazia. "Ndani ya ukuta wetu waya ni ule wa kawaida aliouweka fundi Mika. Halafu hatua moja ya mwisho ndiyo iusafishe? Maji ya tope ukiyabadilishia kikombe yanakuwa meupe?"

"Mama Gloria, haya ni mambo ya elektroniki. Hukusoma."

"Sikusoma, kweli. Ningekuwa nimesoma ningeomba hati ya Ndalambo ikae kwenye kanga yangu."

Mzee akakohoa kidogo, kama mtu aliyeona moshi.

"Bei yake?" akauliza.

Jonasi alizunguka, akazunguka, akafika. Mwenye waya alikuwa radhi kupokea ng'ombe. Hata mtamba angefaa. Alijua kuna mtamba kwa Ambwene.

Kisu kiliniteleza nikajikata. Gloria mwanangu angeniuliza ningemwambia: alichukua shamba, akachukua koti, sasa amekuja kuchukua uso wa baba yake.

Jonasi aliuacha waya kwa siku tatu, ujaribiwe. Amplifaya ile waya wake wa umeme unachomoka nyuma kama wa kompyuta. Ule wa asili ulikwisha kuungua zamani, mimi nikaweka wa jiko la umeme la wali lililokufa. Basi nilichomoa waya wa wali, nikachomeka wa dhahabu. Mzee akagonga, nikawasha. Akasikiliza kaseti yote.

"Mvumo umepungua," akasema mwishowe. "Nadhani umepungua. Mama Gloria, unasikia tofauti?"

Mimi nilisikia nyuki walewale. Lakini nilijua kwa nini nilitaka kuwasikia.

"Masikio yangu yana sababu zake, baba. Usiyaulize."

Akacheka. Nikasikia anavuta kiti. "Na yangu pia yana sababu zake," akasema. "Ubao haupimwi kwa jicho la mwenye haraka. Tufanyeje?"

Usiku ule sikulala, nikawaza, na asubuhi nilimwambia. Nilimwambia yeye akae mbele asioneshwe nyuma. Mimi nizime, nichomeke waya mmoja au mwingine, niwashe. Mara kumi. Kila mara aweke punje kwenye sinia: akiusikia wa dhahabu aweke hindi, akiusikia wa wali aweke haragwe. Na mimi nyuma niweke punje zangu za ukweli. Tukimaliza tunalinganisha.

"Na Jonasi naye aweke," alisema mzee. "Ndiye aliyeusikia kule Lusaka."

Jonasi alirudi Jumamosi mchana. Alipoelezwa alikubali haraka mno. Kabla ya kuanza alikuja kwenye korido kama anayetafuta maji ya kunywa, akasimama karibu nami. Alinukia sabuni nisiyoijua.

"Mama Gloria," akanong'ona, "ukichomeka ule mnene, kohoa kidogo. Kidogo tu. Mzee atafurahi, na mimi sitakusahau."

"Usinisahau vipi? Utanirudishia koti?"

"Iwe, wewe, usinifanyie hivyo."

"Nenda kakae kwa baba yako. Nikiwa na kikohozi nitameza mate."

Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa na wizi wangu mkononi. Nilikuwa peke yangu nyuma ya pazia. Ningeweza kuuchomeka waya wa wali mara zote kumi, nani angejua? Mtamba angekuwa salama. Lakini mzee alinipa nyuma ya mashine yake miaka sita bila kuchungulia hata siku moja. Nilitia kwenye kopo la chumvi mahindi matano na maharage matano, nikatikisa, nikawa natoa punje bila kutazama. Lililotoka ndilo nililolifuata, na nikalipanga chini kwenye saruji, moja baada ya jingine.

Mara ya kwanza hindi. Nikachomeka wa dhahabu. Kaseti ikaimba kidogo, mzee akagonga mara mbili, nikazima. Mara ya pili hindi tena. Ya tatu haragwe. Mbele nilisikia punje zinaanguka kwenye sinia, ti, na Jonasi anavuta pumzi kama mtu anayepanda kilima. Mara ya sita alisema, "Huo! Huo ni wenyewe, Tata, sikia besi!" Mkononi mwangu kulikuwa na haragwe. Nilijiziba mdomo kwa kanga.

Tulipomaliza, mzee alisukuma masinia mawili chini ya pazia. Nilizipanga punje zake karibu na zangu, na za Jonasi upande wa pili.

"Sema, mwanangu," alisema mzee. Siku nyingine huniita mama Gloria.

"Katika kumi umepata tano, baba. Baba Gloria amepata nne."

"Yaani ningefumba masikio nikatupa tu punje…"

"Ungepata hizohizo."

Jonasi alianza. Waya ulikuwa bado mgeni, waya huo unahitaji mwezi mzima kuzoea mashine. Umeme wa Tunduma umezidi uchafu. Maharage yamechanganywa. Aliposikia anajisemea peke yake, akaacha.

Nilitakiwa nifurahi. Lakini mzee akasema polepole, si kwa Jonasi wala kwangu, "Afadhali ungekuwa wa kweli. Ningejua pa kwenda kuitafuta sauti yake."

Furaha yangu ikaisha palepale. Nilikuwa nimeshinda, na mzee alikuwa amepotelewa na mke mara ya pili.

Nilianza kukusanya waya. Nilipoweka kiganja kwenye bati la nyuma ya amplifaya, lilinitekenya kama siafu aliyetembea chini ya ngozi. Halikuwa jambo geni. Friji nalo lilikuwa linanitekenya hivyohivyo nikilifuta kwa kitambaa chenye maji. Nilikwisha kulizoea, kama mwanamke anavyozoea mengi. Lakini siku ile, kwa sababu wiki hiyo nilikuwa nimemtaja fundi Mika, nilikumbuka maneno yake alipotuwekea umeme.

Alipigilia nondo ya shaba ardhini, nje, karibu na ukuta, akaizungushia mkaa na chumvi. Alisema, "Mama, hii ni ethi. Umeme uliopotea njia unapita hapa kuingia ardhini. Usiache pakauke. Pakikauka, utapotea ndani ya vyombo vyako, utavuma na kukung'ata." Nami nilimwambia hapatakauka, maana ndipo nilipojenga kichanja changu cha vyombo. Kila siku nilimwaga hapo maji ya kuoshea, mara tatu.

Nikasimama na waya mkononi. Kichanja hakikuwa hapo tena.

Nondo ile iko chini ya dirisha la chumba cha pembeni. Mzee alipohamia chumba hicho, sikuweza tena kuinama na kuosha vyombo mbele ya dirisha lake. Ni aibu, ni mwiko. Nilihamisha kichanja nyuma ya choo, na tangu hapo hapakupata tone isipokuwa mvua ikinyesha. Miaka sita. Na mashine ilianza kuvuma mwaka ule aliohamia. Mzee alidhani ni kaseti inaomboleza. Ilikuwa heshima yangu kwake ndiyo inayovuma.

"Baba," nikasema. "Naomba ruhusa ya kupita mbele ya dirisha lako."

"Kuna nini?"

"Nataka kumwagilia ukuta."

Jonasi akacheka. "Amechanganyikiwa."

"Pita," alisema mzee.

Chumvi ninayo siku zote, ndiyo biashara yangu hadi leo. Nilichukua bakuli zima la ile ya Ivuna, ya kijivu, yenye chembe kubwa, na ndoo mbili za maji. Nikajifunika kanga kichwani hadi usoni, nikazunguka nyumba. Nilipofika dirishani nilisikia kiti kinakwaruza sakafu. Alikuwa anakigeuza auelekeze uso ukutani, nipite bila aibu. Nilimwona kisogo tu, na mgongo mwembamba ndani ya shati nililolishona mimi vifungo.

Ardhi pale ilikuwa ngumu kama sahani. Niliichokonoa kwa panga, nikamwaga chumvi kuizunguka nondo, nikamimina maji. Udongo uliyanywa kwa sauti. Ndoo ya kwanza, ya pili, nikaenda nikaleta ya tatu. Kisha nikarudi kwenye korido, nikachomeka waya, ule wa wali, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Nikawasha.

Mwanzo nyuki walikuwepo. Nikawasikia wanapungua, si mara moja, polepole, kama wanaotoka mzingani mmojammoja. Nikagusa bati. Halikuning'ata.

Mzee akarudisha utepe nyuma. Kukawa na upepo wa kilimani, halafu sauti ya Anna, kijana, mwenye mapafu mazima, niliyemwuguza akiwa hana pumzi ya kumaliza sentensi:

"Wee baba Jonasi, sogea karibu! Huko mbali utanasa upepo tu."

Wakacheka. Mtoto mchanga akalia mahali fulani, na huyo ni Jonasi mwenyewe. Kisha wakaimba.

Wimbo ukaisha. Mzee akairudisha, tukasikia tena. Mara ya tatu nikasikia Jonasi analia, kilio cha mtoto, cha kamasi. Sikumsamehe. Sijamsamehe hadi leo, na anayesoma asidhani nitamsamehe mwisho wa ukurasa. Lakini niliteleka chai, na nilimimina vikombe viwili nikavipitisha chini ya pazia.

Aliondoka kabla jua halijapoa. Waya wake aliuacha, akasema ukae mwezi mmoja ufanye kazi, tutaona. Mwezi umepita mara nyingi. Nilinunua jiko jingine la wali kwa mtu aliyekuwa anahama, halikuwa na waya, basi nikauchomeka ule wa dhahabu. Wali ni uleule.

Mzee hakungoja tena mimba. Baada ya wiki mbili Ambwene alikuja na mtamba mwekundu kwa mguu, amechoka, kwato zina tope jekundu. Wazee wawili wa ukoo walikuja kutoka Ileje. Nilitandika mkeka, nikapiga magoti kwenye korido, upande wangu. Mzee alikuwa upande wake. Mmoja wa wazee aliuliza kama desturi inavyotaka, kwa nini unataka kufungua, mkwe wako amekukosea nini hata umvue heshima?

"Hajanikosea," alisema mzee. "Ila nimekaa mbali mno. Nilikwisha kuambiwa."

Wazee hawakuelewa. Walidhani ni uzee. Wakanipa kamba ya ng'ombe nikaishika, wakasema maneno yao, kisha wakaihamisha amplifaya kutoka mlangoni, na mzee mwenyewe akalishika pazia akalivuta pembeni.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua huenda atakuwa na macho ya Jonasi, na nilikuwa nimejiapiza kwamba hata yakiwa hayo nitayatazama. Yalikuwa hayo. Yaleyale, marefu, yenye kope nzito, yaliyonidanganya nikiwa na miaka ishirini na minne. Nikayatazama. Yalikuwa yamejaa maji, na hayakuwa yanataka kitu kutoka kwangu.

Alinitazama muda mrefu.

"Kumbe una mvi," akasema.

"Na wewe una masikio makubwa, baba. Na bado ulipata tano tu."

Akacheka mpaka akashika ukingo wa mlango, na nilipoona anayumba nilinyanyuka, nikamshika mkono.